London: historia ndefu ya kudai kusikilizwa

Leo tunaitembelea London, lakini hatutapita kwenye makasri wala makumbusho yake. Tutapita katika mitaa ya kawaida ambako watu weusi walishambuliwa na wengine wakapoteza maisha, na kila tunapofika tutauliza swali moja: walionusurika walipotoa habari, nani aliwasikiliza?

Swali hilo laweza kuonekana jepesi. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950, jibu lake ndilo lililoamua kesi ipi ifike mahakamani, familia ipi ipate haki, na mama yupi apewe ulinzi kabla hajachelewa.

Seremala wa Antigua

Muda mfupi baada ya saa sita za usiku, tarehe 17 Mei 1959, seremala mmoja kutoka kisiwa cha Antigua alikuwa akirejea nyumbani kwa miguu katika eneo la Notting Hill, magharibi mwa London. Jina lake Kelso Cochrane, umri wake miaka 32. Alikuwa ametoka hospitali kutibiwa kidole gumba alichokiumiza.

Katika mtaa wa Southam alizingirwa na kundi la vijana wa Kizungu, akachomwa kisu, akafa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo eneo hilohilo lilikumbwa na ghasia za Wazungu dhidi ya wahamiaji kutoka Karibiani. Pamoja na hayo, polisi walitangaza mapema kwamba nia ya wauaji ilikuwa wizi, na si chuki ya rangi. Wakazi weusi wa Notting Hill walisema wanayoyajua kuhusu mtaa wao, lakini maneno yao hayakubadili kauli hiyo. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Wanawake wawili walikataa jambo hilo lizikwe pamoja na marehemu. Mmoja ni Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, mwanzilishi wa gazeti la West Indian Gazette. Wa pili ni Amy Ashwood Garvey, mwanaharakati mkongwe kutoka Jamaica. Walishirikiana na wenzao kuunda kamati ya kudai haki, na mazishi ya Cochrane yalihudhuriwa na zaidi ya watu 1,000, weusi na weupe. Kwa wengi, hapo ndipo ulipoanza utetezi wa pamoja: jamii kusimama na familia iliyofiwa ili sauti yake isizimwe.

Darasa la nyumbani

Wazazi weusi wa London waligundua pia kwamba kutosikilizwa huanzia utotoni. Katika miaka ya 1960 watoto wao wengi walipelekwa katika shule za watoto waliodaiwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alichapisha kitabu kidogo kilichofichua jinsi mitihani na dharau za walimu zilivyowahukumu watoto hao isivyo haki.

Mchapishaji wake alikuwa John La Rose, mzaliwa wa Trinidad. Mwaka 1969 La Rose alikuwa ameanzisha shule ya ziada nyumbani kwake, kaskazini mwa London, akaipa jina la George Padmore, yule aliyekuwa miongoni mwa waandaaji wa Kongamano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester mwaka 1945, ambako Jomo Kenyatta naye alishiriki. Shule za namna hiyo, nyingi zikifundisha siku za Jumamosi, zilienea katika miji ya Uingereza. Mtoto alijifunza hesabu na kusoma, na pamoja na hayo alijifunza historia ya watu wake ili asiyakubali yaliyosemwa juu yake.

Moto wa New Cross

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1981, nyumba moja katika barabara ya New Cross, kusini-mashariki mwa London, ilishika moto wakati wa sherehe ya kuzaliwa. Vijana weusi 13 walikufa. Wengi waliamini kwamba moto uliwashwa na wabaguzi, kwani mashambulizi ya aina hiyo yalikuwa yametokea katika maeneo hayo. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilikaa mwaka 1981 na tena mwaka 2004, na mara zote mbili haikufikia uamuzi kuhusu chanzo.

Kilichowachoma wazazi mara ya pili ni ukimya wa viongozi wa taifa, ambao hawakutoa rambirambi waliyoitarajia. Vijana walionusurika, badala ya kutulizwa, walijikuta wakihojiwa kwa muda mrefu na polisi. Tarehe 2 Machi 1981, kamati iliyoongozwa na John La Rose iliitisha maandamano siku ya kazi, na maelfu ya watu walitembea kutoka New Cross hadi Hyde Park.

Wanawake wa Southall

Ukatili hautoki barabarani peke yake. Mwaka 1979, huko Southall, magharibi mwa London, wanawake wa asili ya Asia na wa asili ya Afrika na Karibiani waliunda shirika la Southall Black Sisters. Wakati huo neno 'weusi' lilitumika kisiasa kuwajumuisha wote waliobaguliwa kwa rangi. Southall ilikuwa makazi ya familia nyingi za Kiasia, zikiwamo zilizotoka Afrika Mashariki, na mmoja wa viongozi wa shirika hilo kwa miaka mingi, Pragna Patel, ni mzaliwa wa Kenya.

Kazi yao ilikuwa ngumu pande zote mbili. Nje, walipambana na maafisa waliosema kwamba vipigo ni sehemu ya 'mila' za wahamiaji. Ndani, walipambana na wazee wa jamii waliosema kwamba mke anayetoa siri za nyumba anawapa wabaguzi silaha.

Kesi iliyowapa umaarufu ni ya Kiranjit Ahluwalia, ambaye baada ya miaka kumi ya mateso alimchoma moto mumewe mwaka 1989, naye akafa. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kukusudia. Shirika liliendesha kampeni, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo, akaachiwa huru. Mahakama sasa ilizingatia hali ya akili yake baada ya mateso ya miaka yote ile.

Shirika hilo lilipigania pia wake wahamiaji ambao kibali chao cha kuishi nchini kinategemea ndoa, wanaoogopa kwamba wakimkimbia mume watafukuzwa nchini. Mwaka 2012 serikali ilianzisha utaratibu wa kuwawezesha baadhi yao kupata msaada wa umma wakati maombi yao ya ukaazi yakishughulikiwa.

Kijana aliyebaki hai

Tarehe 22 Aprili 1993, saa nne na nusu usiku, vijana wawili weusi wenye umri wa miaka 18 walikuwa wakisubiri basi huko Eltham, kusini-mashariki mwa London. Kundi la vijana wa Kizungu liliwavamia. Stephen Lawrence alichomwa kisu, akakimbia mwendo mfupi, akaanguka na kufariki dunia. Mwenzake, Duwayne Brooks, alinusurika.

Jina la Stephen linajulikana dunia nzima. La Duwayne halitajwi mara nyingi, ingawa makala yetu yanamhusu yeye hasa. Ni yeye aliyekwenda kwenye kibanda cha simu kuita gari la wagonjwa. Polisi walipofika walimkuta akihamaki na kulia, nao wakamwona mkorofi. Hawakumchukulia kuwa shahidi mkuu wala kuwa mtu ambaye naye ameshambuliwa. Baadaye alishtakiwa kuhusiana na maandamano ya kupinga ubaguzi, mpaka jaji alipoisimamisha kesi hiyo.

Majina ya watuhumiwa yaliwafikia polisi ndani ya siku moja, lakini hakuna aliyekamatwa kwa wiki mbili. Tarehe 6 Mei, Nelson Mandela, aliyekuwa ziarani London, alikutana na wazazi wa Stephen, Neville na Doreen Lawrence. Siku iliyofuata ukamataji ulianza. Msikilizaji, huenda ukajiuliza: je, kila mama aliyefiwa sharti ampate Mandela?

Mashtaka yalifutwa, na kesi binafsi ya familia ikaanguka mwaka 1996. Wazazi hawakukata tamaa. Mwaka 1997 serikali iliunda tume chini ya jaji mstaafu Sir William Macpherson, na ripoti yake ilitolewa tarehe 24 Februari 1999. Ilisema kwamba uchunguzi uliharibiwa na uzembe wa kikazi, ubaguzi wa rangi uliojikita katika taasisi, na udhaifu wa uongozi. Ilieleza waziwazi kwamba Duwayne Brooks alikuwa mhanga aliyetendewa vibaya kwa sababu ya rangi yake.

Kati ya mapendekezo 70 ya tume hiyo, mawili yanaingia moja kwa moja katika mada yetu. La kwanza: tukio lihesabiwe kuwa la ubaguzi ikiwa aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, ameliona hivyo. Wahenga wetu walikwisha kulisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. La pili: shule zifundishe kuthamini tofauti za watu na kuzuia ubaguzi, na polisi wenyewe wafunzwe. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha sheria ya mahusiano ya rangi ili iwabane polisi na taasisi nyingine za umma.

Wawili kati ya wauaji wa Stephen walitiwa hatiani mwezi Januari 2012, karibu miaka 19 baada ya tukio. Duwayne Brooks alikuja kuwa diwani huko Lewisham. Doreen Lawrence aliingia Bunge la Malodi mwaka 2013, na tangu 2019 tarehe 22 Aprili ni siku ya kumkumbuka mwanawe.

Tishio lililoandikwa vibaya

Je, somo lilieleweka? Twende Hackney, mashariki mwa London. Mapema mwaka 2014 polisi walipata taarifa kwamba mwanamke mweusi, Valerie Forde, alikuwa ametishiwa na aliyekuwa mwenzi wake kwamba ataichoma nyumba wakiwamo ndani. Taarifa hiyo iliandikwa kuwa tishio dhidi ya mali. Tarehe 31 Machi mtu huyo alimwua Valerie pamoja na binti yao, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili.

Tafakarini, wasikilizaji: aliyeandika kumbukumbu ile aliisikia habari ya nyumba, asiisikie habari ya waliokuwa wakiishi ndani yake.

Mwaka 2015, kutokana na msiba huo, Ngozi Fulani alianzisha shirika la Sistah Space huko Hackney ili kuwasaidia wanawake wa asili ya Afrika na Karibiani. Mtetezi humsindikiza manusura polisi, mahakamani na ofisi ya makazi. Shirika likadai sheria iliyoitwa kwa jina la Valerie, ya kuwalazimu polisi na taasisi za serikali kupata mafunzo maalumu. Mfano wao mmoja ni mwepisi kueleweka: afisa aliyefunzwa kutafuta alama nyekundu za kipigo hataziona kwenye ngozi nyeusi, naye ataandika kwamba hakuna jeraha.

Waraka wa maombi ulitiwa saini na zaidi ya watu 100,000, na ukajadiliwa bungeni mwezi Machi 2022. Serikali ya wakati huo ilijibu kwamba sheria zilizokuwapo zilitosha. Mwezi Novemba mwaka huohuo Bi Fulani alialikwa kasri la Buckingham katika hafla ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na huko akaulizwa mara kwa mara 'hasa' anatoka wapi, ingawa alikwisha kujibu kuwa ni Mwingereza. Aliyemwuliza aliomba radhi na kuacha wadhifa wake.

Na mwezi Machi 2023, ripoti ya Louise Casey kuhusu polisi wa London ilirejea hukumu ya mwaka 1999: ubaguzi wa rangi ungali umejikita katika taasisi hiyo, pamoja na dharau dhidi ya wanawake.

Kazi mbili, lengo moja

Safari yetu imeonyesha kazi mbili zinazotegemeana. Utetezi humsaidia manusura kusema, na elimu dhidi ya ubaguzi humfunza afisa kusikia. Ukiwa na mtetezi hodari mbele ya afisa asiyesikia, utapata faili refu bila ulinzi. Ukiwa na afisa aliyefunzwa, lakini mama hana wa kumsindikiza, huenda asifike kabisa kwenye meza yake.

Somo hilo si la London pekee. Tanzania na Kenya zina madawati ya jinsia katika vituo vya polisi, na meza hizo nazo zitapimwa kwa kipimo hicho: anayeketi nyuma yake ataandika nini atakapoletewa habari ya tishio? Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Wa London wamelionyesha kovu lao kwa zaidi ya miaka 60, na bado wanaomba litazamwe.