Quedlinburg: Mji wa Mbao na Udongo Chini ya Kilima cha Maabesi

Mji wa Quedlinburg uko katika jimbo la Saxony-Anhalt, kaskazini ya milima ya Harz, mahali ambapo mto Bode, baada ya kutoka milimani, unapita katika uwanda wenye rutuba. Nje ya Ujerumani jina lake halitajwi sana kama yatajwavyo majina ya Berlin au Hamburg. Lakini mtu anayetaka kujua ufalme wa Wajerumani ulivyoanza, na fundi anayetaka kujua watu wa kawaida wa nchi hiyo walivyojenga nyumba zao kwa muda wa zaidi ya miaka 600, wote wawili huelekezwa kwenye mji huu mmoja. Nyumba zake zenye viunzi vya mbao zinakaribia 2,000, nazo zimesongamana katika vichochoro vilevile vilivyopimwa katika Zama za Kati. Mwaka 1994 UNESCO iliuingiza mji mkongwe, pamoja na kanisa na jumba la kilimani, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mji huu una sehemu mbili ambazo tangu mwanzo zimekuwa zikitazamana. Juu, kwenye mwamba wa jiwe la mchanga, kuna kanisa na jumba la watawala, vilivyojengwa kwa mawe ili vidumu. Chini kuna mitaa ya mafundi, wakulima na wafanyabiashara, iliyojengwa kwa miti na udongo. Kwa karne nyingi waandishi wa historia walitazama juu tu. Hata hivyo utawala wa kilimani ulikoma zaidi ya miaka 200 iliyopita, ilhali katika nyumba za udongo watu bado wanapika, wanalala na kulea watoto, na kwa sababu hiyo habari za Quedlinburg haziwezi kukamilika bila kueleza jinsi nyumba hizo zilivyojengwa na jinsi zilivyonusurika.

Mji unatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya tarehe 22 Aprili 922, iliyotolewa na Mfalme Heinrich I, mtawala wa Saxony aliyechaguliwa kuwa mfalme mwaka 919. Masimulizi ya wenyeji yanadai kwamba wajumbe waliomletea habari za ufalme walimkuta papo hapo Quedlinburg akitega ndege, ndiyo maana akapewa lakabu ya Mtega-ndege. Masimulizi hayo yalizuka baada ya wakati wake na hayana ushahidi, lakini yanaonyesha jinsi mji ulivyojifungamanisha na mtu huyo. Lililo hakika ni kwamba Heinrich alipofariki huko Memleben mwaka 936, maiti yake ililetwa Quedlinburg na kuzikwa kilimani, na mwaka huohuo mjane wake Mathilde, akisaidiwa na mwanawe Otto I, alianzisha hapo jumuiya ya wanawake ambayo ingesali daima kwa ajili ya marehemu.

Jumuiya ya namna hiyo Wajerumani huiita Stift, nayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa haikuwa nyumba ya masista kwa maana iliyozoeleka. Wanajumuiya walikuwa mabinti wa koo za kifalme na za kikabaila. Walisali kwa zamu, walijifunza Kilatini na kunakili vitabu, lakini hawakufunga nadhiri za maisha, walibaki na mali zao wenyewe, na aliyepata mchumba aliweza kuondoka akaolewa. Kiongozi wao aliitwa abesi, na abesi wa Quedlinburg hakuwa mkubwa wa dini peke yake, kwa maana alikuwa pia mtawala wa ardhi, mwenye mashamba, mahakama na mapato. Abesi wa kwanza, aliyeshika cheo mwaka 966, alikuwa mjukuu wa malkia mwanzilishi, naye pia aliitwa Mathilde. Kaisari Otto III alipokwenda Italia mwaka 997, ni huyu shangazi yake aliyemwachia dhamana ya kuangalia mambo ya utawala upande wa Ujerumani, naye akaishika hadi alipofariki mwaka 999. Kabla ya hapo, mwaka 994, Otto, ambaye wakati huo alikuwa bado mfalme tu, alikuwa ameipa jumuiya haki ya kuendesha soko, kupiga sarafu na kutoza ushuru, na haki hizo tatu ndizo zilizougeuza mkusanyiko wa vijumba chini ya mwamba kuwa mji. Ustadi wa kuandika uliokuzwa kilimani nao ulizaa tarehe, yaani kumbukumbu za matukio zilizopangwa mwaka kwa mwaka, na humo, katika habari za mwaka 1009, ndimo jina la Lithuania lilimoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi yanayojulikana.

Kanisa linaloonekana leo kilimani, lililowekwa chini ya jina la Mtakatifu Servatius, si lile la kwanza. Moto wa mwaka 1070 uliliteketeza kanisa lililotangulia, na jipya lilitabarukiwa mwaka 1129. Ni basilika, yaani kanisa lenye ukumbi mrefu wa kati ulioinuliwa kupita njia mbili za pembeni, na mistari ya nguzo zake inafuata mpangilio unaopendwa huko Saxony: nguzo moja nene ya mraba, kisha nguzo mbili nyembamba za mviringo, kisha tena moja ya mraba, hata macho ya anayetembea kuelekea altareni yanapata mwendo kama wa mapigo ya ngoma. Chini ya altare kuna kripta, yaani ukumbi wa makaburi wenye dari la matao, alimozikwa Mathilde kando ya mumewe.

Uhusiano wa kilima na mji haukuwa mwema siku zote. Mji mkongwe ulijengewa jirani, mji mpya wa wakulima waliohamia, na miji hiyo miwili ikaunganishwa mwaka 1330. Wafanyabiashara walitajirika kwa nafaka, nguo na ngozi, na mwaka 1426 Quedlinburg ikaingia katika Hansa, shirikisho kubwa la miji ya biashara ya kaskazini. Sokoni ilisimama sanamu ya Roland, shujaa mwenye upanga ambaye katika miji mingi ya Ujerumani kaskazini alikuwa alama kwamba wenyeji wanajihukumu wenyewe. Abesi Hedwig hakukubali. Mwaka 1477 aliomba msaada wa kaka zake, watawala wa Saxony, ambao askari wao waliuvamia mji na kuvunja upinzani wake. Roland akaangushwa, mji ukajitoa katika Hansa, na wenyeji wakarudi kuwa raia wa abesi. Sanamu hiyo haikusimamishwa tena hadi mwaka 1869, na sasa iko mbele ya jumba la baraza la mji, jengo ambalo tayari lilikuwapo mwaka 1310.

Ingetazamiwa kwamba kushindwa huko kungeudhoofisha mji, lakini karne mbili zilizofuata ndizo zilizouachia sehemu kubwa ya nyumba zake nzuri.

Namna ya kujenga nyumba hizo huitwa Fachwerk. Fundi seremala huzichonga mbao zote kwanza zikiwa chini, na kila moja huikata alama ili ijulikane mahali pake, kisha huzisimamisha juu ya msingi wa mawe na kuziunganisha, si kwa misumari ya chuma, bali kwa kuchomeka ulimi wa ubao mmoja katika tundu la mwingine na kupigilia kijiti cha mwaloni, mti mgumu unaostahimili unyevu. Nguzo husimama, boriti hulala juu yake, na mbao za mshazari hukaza pembe ili kiunzi kisiyumbe. Nafasi zinazobaki kati ya mbao husukwa kwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu ya nafaka, kwa ufundi ambao kila aliyewahi kukandika nyumba ya miti ataufahamu mara moja, na mwishowe hupakwa chokaa. Ukuta wenyewe haubebi kitu, kwa sababu uzito wote wa ghorofa na wa paa la vigae hubebwa na kiunzi. Kwa hiyo udongo ukimeguka hukandikwa upya bila nyumba kutikisika, na nguzo iliyooza mguu hukatwa sehemu mbovu tu, ikaungwa kipande kizima. Nyumba ya namna hii haijengwi mara moja ikaachwa; inaendelea kujengwa maadamu kuna mtu anayeishi ndani yake na kuijali.

Mfano wa kale wa ufundi huo uko katika kichochoro cha Wordgasse, nyumba namba 3. Ni nyumba ndogo, nyeusi kwa mbao zake, na nguzo zake ni ndefu, kila moja ikitoka kwenye msingi hadi kwenye paa bila kukatishwa na ghorofa. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya mapema katika karne ya 14. Uchunguzi wa pete za miti, ambao hulinganisha upana wa pete za ukuaji ndani ya ubao ili kujua mti ulikatwa mwaka gani, umeiweka karibu na mwaka 1347. Watu waliishi humo hadi miaka ya 1960, na sasa nyumba hiyo ni makumbusho ya ujenzi wa mbao.

Baadaye mafundi waliacha nguzo ndefu, wakaanza kuijenga kila ghorofa kama sanduku lake lenyewe juu ya lile la chini, na boriti za sakafu zikaachwa zitokeze nje kwa kiasi fulani. Njia hiyo iliwawezesha kutumia mbao fupi, ambazo ni rahisi kuzipata, na kuongeza nafasi vyumbani bila kula barabara. Ndiyo sababu katika vichochoro vyembamba ghorofa za juu zinakaribiana kuliko milango ya chini. Vichwa vya boriti vilivyotokeza vikawa uwanja wa mapambo. Katika karne ya 16 mafundi walipenda kuchonga miguu ya nguzo kwa umbo la nusu duara lililokunjuka kama upepeo, huku boriti ya chini ikichongwa kamba zilizosokotwa, jina la mwenye nyumba, jina la fundi na mwaka. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648, ilienea desturi ya kuchonga vichwa vya boriti kwa ncha ya piramidi, nayo huhesabiwa kuwa mtindo wa Quedlinburg hasa. Mtu akisimama chini ya ghorofa na kuinua macho, anaweza kuikadiria karne ya nyumba kabla hajasoma tarehe yake.

Kilima cha pili, Münzenberg, kinaonyesha ujenzi huu wa watu wa kawaida kwa namna ya kugusa moyo zaidi. Hapo palikuwa na nyumba ya masista iliyoanzishwa mwaka 986. Baada ya vita vya wakulima vya mwaka 1525 iliachwa tupu, na maskini wa mji, wakiwamo mafundi wadogo na wapiga muziki wa kuzunguka, wakajenga vijumba vyao ndani ya magofu yake, hata nguzo na matao ya kanisa yakawa kuta za ghala na vyumba vyao vya chini.

Mji uliotawaliwa na wanawake ulimzaa pia Dorothea Erxleben, aliyezaliwa mwaka 1715 na ambaye mwaka 1754, katika Chuo Kikuu cha Halle, alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Ujerumani kupata shahada ya udaktari wa tiba. Mshairi Klopstock alizaliwa humo mwaka 1724, na mwanajiografia Carl Ritter mwaka 1779. Juzuu ya kwanza ya kazi kubwa ya Ritter kuhusu dunia, iliyotoka mwaka 1817, ilihusu bara la Afrika.

Jumuiya ya kilimani, iliyokuwa imegeuka kuwa ya Kilutheri tangu karne ya 16, ilifutwa mwaka 1803 na ardhi yake ikachukuliwa na Prussia. Pigo baya zaidi lilikuja katika karne ya 20. Mwaka 1936, miaka 1,000 baada ya kifo cha Heinrich, Heinrich Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha wanamgambo wa Manazi, alifanya sherehe kanisani, na miaka miwili baadaye waumini walinyang'anywa kanisa lao ili lifanywe mahali pa kutukuza itikadi ya Manazi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, luteni wa jeshi la Marekani, Joe Meador, aliiba vitu 12 vya hazina ya kanisa vilivyokuwa vimefichwa pangoni, akavituma kwao Texas kwa posta. Vilijulikana vilipo baada ya yeye kufa, warithi wake walipojaribu kuviuza; vitu 10 vilirudishwa mwaka 1993, kimojawapo kikiwa kitabu cha Injili kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu, na viwili havijaonekana hadi leo.

Mitaa ya chini nayo ilikaribia kupotea, tena wakati wa amani. Katika miaka ya 1960 wapangaji wa Ujerumani Mashariki walikusudia kubomoa sehemu kubwa ya mji mkongwe na kujenga kituo kipya cha kisoshalisti, na mpango huo ulishindikana kwa sababu fedha hazikupatikana. Nyumba zikaachwa kama zilivyo. Mapaa yakavuja, udongo ukadondoka, baadhi ya mitaa ikabomolewa na kujengwa kwa saruji. Ukata ule uliozuia tingatinga ndio uliotaka kuziozesha nyumba zilizobaki. Baada ya muungano wa mwaka 1990 mafundi walirudi kufanya kile kilichofanywa tangu zamani: kukata mguu uliooza, kuunga mpya, kukandika upya. Kazi hiyo haijaisha.

Msomaji atakayejaliwa kufika Quedlinburg na asikimbilie kilimani. Aanzie Wordgasse, aziangalie nguzo za mbao zilizobeba paa kwa zaidi ya miaka 650, ndipo apande kwenda kuyaona makaburi ya mfalme na malkia.