Uchunguzi si ugonjwa

Kuchungua ni kutazama kwa makini kisichojionyesha. Ndiyo maana neno “uchunguzi” linalifaa zoezi la kukagua mlango wa kizazi. Mama wa Oloipiri, wilayani Ngorongoro, aweza kupinga: siumwi, nichunguzwe nini? Lakini virusi vya HPV, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huharibu seli kwa miaka mingi bila maumivu. Mhudumu akipaka siki hafifu, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, ikatibiwa kabla haijawa saratani. Wengine watasema chanjo ya HPV kwa wasichana, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018, inatosha. Haitoshi: haizuii aina zote za virusi, na mama zao hawakuipata. Akina mama, msingoje dalili, nendeni mkachunguzwe.