Simu ya mtoto ama simu ya nyumba?

Wasee, mathe amenipa kesi ngumu. Mdogo wangu wa miaka 9 anataka simu yake mwenyewe, ya tachi, eti darasa lote wako nazo. Na kwa sababu mimi ndiye natengeneza video, niamue mimi. Nikaanza kumuuliza mathe mambo yalikuwaje zamani.

Enzi za usichana wake, kupiga simu ilimaanisha kushuka tao na kupanga foleni kwa vibanda vya simu pale Posta Kuu, Kenyatta Avenue, sarafu mkononi. Aliye nyuma yako anasikia kila neno.

Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikaanza, lakini simu ilikuwa ya wenye pesa. Huku kwetu Kangemi watu walitegemea simu ya jamii: unalipa, unaongea, unarudisha. Baadaye ikaja mulika mwizi, moja kwa nyumba nzima. Jamaa ya siz akipiga, inashikwa na mathe!

Hata intaneti ilianzia saiba, skrini ikionekana na kila anayepita. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, na 2011 Safaricom ikaleta Huawei IDEOS kwa kama shilingi 8,000. Skrini ikaingia mfukoni. Machi 2020 korona ikafunga shule, simu ya mzazi ikawa darasa. Shule zilipofunguliwa, watoto wengi hawakuirudisha.

Umeona? Miaka hiyo yote kulikuwa na sikio ama jicho la mtu karibu. Si eti wazazi walikuwa wajanja. Pesa ndiyo haikuwa. Na sisemi ilikuwa poa. Msichana mwenye shida pale nyumbani angepigia nani, na kila mtu anasikiliza?

Lakini mimi nilipata simu yangu nikiwa na miaka 12. Mtu mzima nisiyemjua akaanza kunitumia ujumbe usiku. Sikuambia mtu. Simu ilikuwa yangu, kwa hivyo shida pia ikawa yangu. Mathe, unasoma hii kwa mara ya kwanza, pole.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla data ya mtoto haijatumiwa. Mwaka 2023, shule moja hapo Uthiru ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Sawa, shule imeulizwa. Mtoto akijirekodi chumbani saa tano usiku, nani atamuuliza?

Kwa hivyo nimeamua. Simu tutanunua, lakini ni ya nyumba. Inachajiwa sebuleni, inatumika sebuleni. Namba yangu itakuwa ya kwanza humo, na akinipigia na shida, sitaanza na kumgombeza. Ya kwake tutaongea akifika sekondari.

Wewe ulipata yako ukiwa na miaka mingapi? Na nani alikuwa karibu?