Mtoto wa Kwihara aliyetazamwa na London

Kama Mirambo, mtawala wa Urambo, asingeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, huenda watu wa London wasingemjua kamwe mtoto aliyeitwa Kalulu.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe, eneo la Tabora, mwezi Juni mwaka huo, mbio mbio, akimtafuta David Livingstone. Akakuta mtawala wa Urambo amekorofishana na Waarabu wa Tabora, na misafara ya kwenda magharibi haipiti. Agosti akajitia katika ugomvi usiomhusu: akaandamana na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo kule Wilyankuru. Walirudi wakikimbia. Kabla mwezi haujaisha, wapiganaji wa Mirambo walikuwa ndani ya Tabora yenyewe, wakiteketeza nyumba, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Basi Stanley akakwama Kwihara, mahali penye makumbusho ya Livingstone leo, kilomita chache kutoka mjini Tabora. Septemba hiyo mfanyabiashara mmoja Mwarabu akampa zawadi: mtoto mtumwa, jina lake Ndugu M'hali. Mgeni hakulipenda jina. Palepale mtoto akawa Kalulu, akafundishwa kuhudumu mezani, na msafara ulipopata njia ya kuzunguka kusini ili kuikwepa Urambo, naye akaondoka nao hadi Ujiji.

Mwaka uliofuata alikuwa London.

Mgeni wa London siku zile hakukosa pa kutembea. Regent's Park palikuwa na bustani ya wanyama. Sydenham palikuwa na Crystal Palace, jumba la chuma na vioo lenye maonyesho na muziki. Na pale Baker Street palikuwa na jumba la Madame Tussaud, ambako mtu alilipa kiingilio akawatazama wafalme, majenerali na wauaji waliochongwa kwa nta, wamevaa nguo kama walio hai. Lakini Kalulu hakuwa mtazamaji tu. Studio moja ya picha ilimpiga pamoja na Stanley, bunduki na mavazi ya safari yakiwa tayari, na picha hizo zikauzwa kwa umma. Mwaka 1873 Stanley akatoa riwaya yenye jina la mtoto huyo. Madame Tussaud nao wakamtengenezea sanamu, akasimama na bwana wake kati ya watu maarufu wa dunia. Kijana wa umri wa kuchunga mbuzi, tayari ni kivutio cha watalii!

Alipelekwa pia Marekani, kisha akatiwa shule Wandsworth, kusini mwa London. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwemo Westminster Abbey siku Livingstone alipozikwa.

Mwaka 1875 London ilimpokea mgeni wa namna nyingine, Sultani Barghash wa Zanzibar. Yeye alikuja kwa mwaliko, akiongozana na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Alikutana na Malkia Victoria huko Windsor, akatembezwa Crystal Palace, akafika mpaka Birmingham, Liverpool na Manchester. Umati ulijaa kumtazama, na magazeti yakaandika alivyovaa. Hata hivyo sultani naye alikuwa akitazama, na katibu wake, Zahir bin Said, alikuwa na kalamu mkononi. Safari ile ikawa kitabu cha Kiarabu. Wanaotafuta mizizi ya jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, na ya maji ya bomba aliyoyaleta Barghash mjini Unguja, hawakosei wakianzia safari hiyo.

Tofauti kati ya wageni hawa wawili ni kubwa kuliko cheo. Aliyealikwa alirudi na mawazo ya kujengea mji wake. Aliyetolewa zawadi aliiachia London sura yake, na fedha za kiingilio zikaingia mifuko ya wengine. Mtindo huo wa kuwaonyesha watu kwa kiingilio haukukoma: mwaka 1896, kwenye maonyesho ya kikoloni ya Treptow mjini Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Wajerumani, Afrika Mashariki ikiwemo, waliwekwa mbele ya wenyeji waliokata tiketi.

Kalulu alirudi Afrika na Stanley mwaka 1874. Aprili 1876 Stanley huyohuyo alikutana na Mirambo na wakachanjiana undugu wa damu, maadui wa 1871 wakipeana zawadi. Tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi aliopanda Kalulu ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa akiwa na miaka 12 hivi.

Ombi langu kwa watunzaji wa Kwihara ni moja. Jina la Livingstone limeshapata jengo zima. Mpeni mtoto huyu ukuta mmoja, mtundike picha ile ya studio ya mwaka 1872, na chini yake muandike: Ndugu M'hali.