Jinsi ya kusaga unga wa oti usio na gluteni nyumbani

MTU anayeagizwa na daktari aache kula ngano hujikuta na maswali mengi siku hiyo hiyo. Chapati je? Mandazi je? Na keki ya sherehe? Miongoni mwa majibu anayopewa kwa wepesi ni unga wa oti, ambao yeyote aliye na blenda anaweza kuusaga jikoni mwake kwa dakika chache. Jibu hilo ni sahihi nusu tu, na nusu iliyosalia ndiyo inayoweza kumrudisha mgonjwa hospitalini.

Gluteni ni jina la protini zinazopatikana katika ngano, shayiri na rai. Ndizo zinazoufanya unga wa chapati uvutike unapokandwa. Kwa watu wengi hazina madhara yoyote. Lakini kwa mwenye maradhi ya siliaki, hata kiasi kidogo huuchochea mfumo wa kinga ya mwili kuushambulia utando wa utumbo mdogo, chakula kikashindwa kufyonzwa ipasavyo. Matokeo yake aghalabu ni kuhara, tumbo kujaa, upungufu wa damu na, kwa watoto, kudumaa. Aliyeuhusisha ugonjwa huo na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye aliwasilisha utafiti wake mwaka 1950.

Kabla ya kwenda dukani, msomaji na atahadhari na mtego wa lugha. Wapo wanaoziita oti 'shayiri', na hata baadhi ya kamusi hufanya hivyo. Ilhali shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile inayolimwa sehemu za Narok na Timau kwa ajili ya kutengenezea bia, nayo ina gluteni. Mgonjwa akitumwa kununua unga wa shayiri akitarajia oti, atakuwa amejinunulia maradhi. Ndiyo maana hapa tunatumia neno oti.

Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano. Zina protini iitwayo avenini, ambayo wengi wa wenye siliaki huistahimili, ingawa wapo wachache inaowadhuru. Kwa sababu hiyo, mgonjwa huanza na kiasi kidogo baada ya kushauriana na daktari wake, na huanza akiwa amepata nafuu. Hali kadhalika, anayeshuku tu kwamba ana maradhi haya asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani vipimo huweza kukosa kuonyesha ugonjwa iwapo mwili umekaa muda mrefu bila gluteni.

Taabu kubwa ya oti ni njia zinakopitia. Hupandwa katika mashamba yaliyokuwa na ngano msimu uliotangulia, zikavunwa kwa mashine zile zile, zikabebwa kwa magunia na malori yale yale. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kiitwacho kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Sasa zingatia kwamba gramu 1 tu ya unga wa ngano ina miligramu 80 hivi za gluteni. Yaani robo gramu, isiyojaza hata ncha ya kijiko, yatosha kuifikisha kilo nzima ya oti kwenye ukomo huo.

Kuosha hakusaidii, na kukaanga hakusaidii pia, kwa maana moto wa jikoni hauiondoi gluteni. Njia ya pekee ni kununua oti bapa ambazo pakiti yake imeandikwa waziwazi kwamba hazina gluteni. Bei yake ni ya juu kuliko ya oti za kawaida, na kwa kweli hapa si mahali pa kubana matumizi. Oti zinazopimwa kutoka guniani hazifai kabisa kwa mgonjwa, hata ziwe safi machoni namna gani.

Usizipeleke kwenye mashine ya posho ya mtaani. Mashine hiyo huenda imetoka kusaga ngano, au unga wa uji wenye mchanganyiko wa nafaka. Kinu cha mbao nacho kina nyufa zinazoficha unga wa zamani. Tumia blenda, uifungue visu vyake na mpira wake, uvioshe kwa sabuni na kuvikausha kabisa. Chungio lililowahi kuchunga ngano haliwezi kusafishwa likaaminika, nunua jipya.

Kusaga kwenyewe ni kazi nyepesi. Jaza blenda isizidi nusu, saga kwa sekunde 30, itikise, kisha usage sekunde 30 nyingine. Subiri vumbi litue ndipo ufunue. Chunga, na makapi yanayobaki uyarudishe yasagwe tena. Gramu 100 za oti zitakupa karibu gramu 100 za unga.

Katika upishi, pima unga huu kwa mizani badala ya kikombe, kwa sababu ni mwepesi kuliko wa ngano. Keki zitahitaji yai la kuzishikanisha. Chapati hazitavutika hata ukikanda hadi jioni: changanya unga na chumvi, ongeza maji yaliyochemka kidogo kidogo, acha donge litulie dakika 15, kisha usukume kila tonge katikati ya karatasi mbili za plastiki. Ukipika mandazi, usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia yale ya ngano.

Anayeshindwa na bei ya oti anao wimbi, mtama na muhogo, vyote visivyo na gluteni kwa asili, mradi navyo visagwe mbali na ngano.

Oti zina mafuta mengi kuliko ngano, hivyo unga wake huchacha upesi. Saga wa kutosha wiki mbili au tatu tu, uutie katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, chenye kijiko chake pekee, na ukiweke kwenye rafu ya juu kuliko ule wa ngano ili vumbi lisikiangukie.