K ya Gunia la Mbolea

Gunia la mbolea ya chai huku Kericho na Bomet huandikwa NPK 26:5:5. N ni naitrojeni, P ni fosforasi. K je? Mwanafunzi huitafuta ndani ya neno potasiamu asiione. Imetoka kwenye kalium, jina la Kilatini lenye asili ya Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Haina undugu na "kali" yetu, ingawa metali yenyewe ni kali kweli: ukishuka Kundi la Kwanza la jedwali la elementi, lithiamu hutoa mapovu majini taratibu, sodiamu hukimbia juu ya maji, potasiamu huwaka moto wa zambarau. Guniani imo ndani ya chumvi, imetulia. Walimu, anzeni somo hili na jivu la mekoni.