Ulinganisho wa Kiswahili na Kiarabu

Kiswahili na Kiarabu ni lugha mbili zilizokutana katika pwani ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka elfu moja. Zina maneno mengi yanayofanana, lakini hazina asili moja: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ilhali Kiarabu ni lugha ya Kisemiti. Wingi wa maneno yenye asili ya Kiarabu umewafanya baadhi ya watu kudai kwamba Kiswahili kimezaliwa na Kiarabu, au kwamba ni mchanganyiko tu wa lugha hiyo na lugha za Kibantu. Wataalamu wa isimu hawakubali dai hilo, kwa sababu undugu wa lugha hupimwa kwa sarufi na msamiati wa msingi, si kwa maneno ya kukopa.

Asili

Kiswahili kimo katika lugha za Kibantu, ambazo ni tawi la lugha za Kiniger-Kongo. Ndugu zake wa karibu ni Kipokomo, lugha za Wamijikenda na Kikomori. Katika mpangilio wa lugha za Kibantu uliotungwa na Malcolm Guthrie, Kiswahili kimepewa alama G42 na Kisukuma, kinachozungumzwa Mwanza na mikoa ya jirani, kimepewa F21.

Kiarabu kimo katika lugha za Kisemiti pamoja na Kiebrania, Kiamhari na Kitigrinya. Lugha hizo ni tawi la lugha za Kiafrika-Kiasia.

Jina "Kiswahili" latokana na neno la Kiarabu *sawahil*, wingi wa *sahil*, maana yake pwani. Hata hivyo jina la lugha si ushahidi wa asili yake. Kifaransa kilipata jina lake kutoka kwa Wafranki, ambao lugha yao ilikuwa ya Kigermanik, lakini chenyewe kimetokana na Kilatini.

Historia ya kukutana

Lugha hizi zilikutana kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi na kuenea kwa Uislamu. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kukuta miji ya Kiislamu. Katika karne ya 19 Sultani Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake Zanzibar, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ikafika Tabora na hatimaye Ziwa Viktoria. John Hanning Speke alipofika kwenye ziwa karibu na Mwanza mwaka 1858, alipita katika nchi ambazo misafara hiyo ilikuwa imezifungua.

Athari haikuwa ya upande mmoja. Hadi leo wako Waomani wanaozungumza Kiswahili, hasa wale ambao wao au wazazi wao waliishi Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki.

Sarufi

Hapa ndipo tofauti huonekana wazi. Kiarabu hujenga maneno kwa mzizi, mara nyingi wa konsonanti tatu, na kubadilisha irabu kati yake. Mzizi *k-t-b* unahusu kuandika: *kataba* (aliandika), *kitab* (kitabu), *katib* (mwandishi), *maktaba* (maktaba). Kiswahili kimepokea *kitabu*, *katibu* na *maktaba*, lakini kimeyapokea kama maneno matatu yaliyo mbalimbali. Hakikukopa kanuni ya kuyaunda.

Kiswahili hujenga maneno kwa viambishi. Neno *kitabu* ni mfano mzuri. Katika Kiarabu herufi *k* ni sehemu ya mzizi, vitabu viwili ni *kitabani*, na vingi ni *kutub*. Waswahili walisikia *ki-* wakaiweka katika ngeli ya KI-VI, kama *kiti* na *viti*. Hivyo tunasema "Vitabu viwili vimepotea", na upatanisho wote katika sentensi hiyo ni wa Kibantu.

Kisukuma kina utaratibu huohuo wa ngeli: *munhu* (mtu) wingi wake ni *bhanhu* (watu). Kiarabu hakina ngeli za namna hii, bali hugawa nomino kuwa za kiume na za kike. Kiswahili hakitofautishi jinsia hiyo katika sarufi: "amekuja" ni mwanamume au mwanamke.

Vitenzi vya mkopo navyo hufuata sheria za Kibantu. *Safiri* imetokana na Kiarabu, lakini *nilisafiri*, *safirisha* na *kusafirishwa* zimejengwa kwa viambishi vya Kibantu. Alama inayobaki ni irabu ya mwisho: vitenzi vya Kibantu huishia kwa *-a* (soma, lima), lakini vingi vya mkopo huishia kwa *-i*, *-e* au *-u* (fikiri, samehe, jibu).

Kiswahili kimekopa pia maneno madogo ya kuunganisha, kama vile *lakini*, *au*, *kabla*, *baada*, *bila* na *wala*.

Namba na siku

Namba zinaonyesha vizuri mahali Kibantu kilipobaki na mahali Kiarabu kilipoingia.

| Namba | Kiswahili | Kisukuma | Kiarabu |
|---|---|---|---|
| 2 | mbili | bili | ithnan |
| 3 | tatu | datu | thalatha |
| 5 | tano | tano | khamsa |
| 6 | sita | tandatu | sitta |
| 7 | saba | mpungati | sab'a |
| 8 | nane | nane | thamaniya |
| 9 | tisa | kenda | tis'a |
| 10 | kumi | ikumi | 'ashara |

Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Nyingine zilizomo katika jedwali ni za Kibantu. Zamani Kiswahili kilikuwa na *tandatu*, *mfungate* na *kenda*. Masalia ya *mfungate* yamo katika neno *fungate*, yaani siku saba za maarusi baada ya harusi.

Siku za juma zina "tano" mbili. *Jumatano* ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza Jumamosi. *Alhamisi* ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili. Katika *Alhamisi*, kama katika *alasiri* na *alfajiri*, kumebaki *al-* ya Kiarabu, ingawa Kiswahili hakiitumii kisarufi.

Sauti na maandishi

Silabi ya Kiarabu yaweza kuishia kwa konsonanti. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kwa hiyo *waqt* imekuwa *wakati*, *rizq* imekuwa *riziki* na *'ilm* imekuwa *elimu*. Sauti za *th*, *dh* na *gh* hazimo katika lugha nyingi za Kibantu za bara, na ndiyo sababu wanafunzi wengi huandika "zambi" badala ya *dhambi*. Kosa hilo laweza kubadili maana: *thamani* ni ubora au bei ya kitu, lakini *samani* ni viti, meza na makabati.

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni miongoni mwa maandishi yake ya kale yanayojulikana. Herufi hizo hazikutosha, kwani Kiarabu kina alama za irabu tatu tu na hakina herufi za *p*, *v* na *ch*. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, huandikwa kwa herufi za Kilatini.

Mabadiliko ya maana

Maneno kadhaa yamebadilika maana baada ya kukopwa:

* *ajali*: katika Kiarabu *ajal* ni muda uliowekwa, hasa wa kufa, katika Kiswahili ni tukio la ghafla lenye madhara.
* *karamu*: *karam* ni ukarimu; kwa Kiswahili ni sherehe ya chakula.
* *wasiwasi*: *waswas* ni mnong'ono wa kushawishi uovu; kwa Kiswahili ni mashaka.

Mfano wa Kiserbia na Kituruki

Hali kama hii iko pia Ulaya ya Kusini-Mashariki. Kiserbia ni lugha ya Kislavoni, na Kituruki ni ya jamii ya lugha za Kiturki. Utawala wa Milki ya Osmani uliingiza maneno mengi ya Kituruki katika Kiserbia, baadhi yake yakiwa na asili ya Kiarabu. *Sanduku* ni *sandık* kwa Kituruki na *sanduk* kwa Kiserbia. *Saa* ni *saat* na *sat*. Kiserbia kilikopa hata kiambishi *-džija* cha kutaja mtu kwa kazi yake. Hata hivyo kimebaki na jinsia tatu za nomino na uambishaji wa Kislavoni, mambo ambayo Kituruki hakina. Kinahesabiwa kuwa lugha ya Kislavoni, kama vile Kiswahili kinavyohesabiwa kuwa lugha ya Kibantu.